Mama Antoinette Mobutu: bibi ya serjan aliyepanda na cheo cha bwana wake, na somo analoacha kwa Kipushi

KIPUSHI – Katika muji huu wa mupakani, kilometa karibu 30 toka Lubumbashi, kila mutu anajua maana ya jina "Mama Komanda". Jina hilo haliandikwi kwenye kitambulisho chochote. Mwanamuke analipata siku bwana wake anapopewa kuongoza kikosi, na analipoteza siku bwana wake anapohamishwa, anapoachishwa kazi ao anapokufa. Lakini wakati analibeba, jina hilo lina uzito. Kwenye soko watu wanamuachia nafasi. Mwenye mutoto aliyefungwa anapitia kwanza kwake. Mwenye kuogopa kuongea na komanda anaomba yeye amufikishie neno jioni, wakati bwana yuko anakula bukari.

Hakuna sheria inayomupa mamlaka hayo. Hana nyota kwenye bega, hana mushahara wa jeshi, hana ofisi. Hata hivyo watu wanaamini kwamba neno lake linaweza kufungua mulango ao kuufunga.

Katika historia ya inchi yetu, mwanamuke aliyebeba jina la namna hiyo hadi juu kabisa ni Marie-Antoinette Mobutu, bibi wa kwanza wa Mobutu Sese Seko. Alikufa tarehe 22 Oktoba 1977 huko Genolier, katika inchi ya Uswisi, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 36 tu. Karibu nusu karne imepita, lakini katika familia nyingi, toka Kinshasa hadi Katanga, wazee bado wanarudilia maneno yaleyale: kama Mama Antoinette angebaki hai, Mobutu hangefika pale alipofika.

Maneno hayo yanastahili kuchunguzwa. Yanamuhusu yeye, lakini yanahusu pia kila mwanamuke anayeishi leo katika kambi ya jeshi kwa jina la bwana wake.

Binti wa miaka 14 na karani wa Force Publique

Mwaka wa 1955, Joseph-Désiré Mobutu alikuwa hajulikani na mutu inje ya kambi yake. Alizaliwa Lisala tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mupishi wa wazungu na alikufa Mobutu akiwa bado mutoto. Mama yake, Marie-Madeleine Yemo, ndiye aliyemulea katika shida. Kisha kufukuzwa kwenye masomo ya wamisionere huko Coquilhatville, muji ambao leo ni Mbandaka, aliingizwa katika Force Publique, jeshi la wakoloni Wabelji. Akapelekwa Luluabourg, Kananga ya leo, na hapo akajifunza kazi ya karani.

Ni katika mwaka huo wa 1955 ndipo alimuoa Marie-Antoinette. Binti alikuwa na miaka 14. Leo sheria yetu ingeita jambo hilo ndoa ya mutoto. Wakati ule, kwa wengi, lilikuwa jambo la kawaida: binti aliyesomeshwa kidogo na wamisionere na kijana mwenye kazi ya uhakika. Jeshi lilimupa kijana huyo nyumba, posho na mushahara mudogo. Binti naye akapata mambo hayo yote kupitia bwana wake.

Mwaka uliofuata, 1956, Mobutu aliacha jeshi na kuingia katika kazi ya kuandika magazeti huko Léopoldville. Alikuwa amekwisha kuanza kuandika akiwa bado na nguo za jeshi, kwa jina la kujificha, "De Banzy". Alifanya kazi kwenye gazeti L'Avenir na kwenye Actualités Africaines. Hapo ndipo alikutana na watu wa siasa, kati yao Patrice Lumumba. Bibi yake alikuwa nyumbani akilea watoto. Wakati uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Marie-Antoinette alikuwa na miaka 19.

Wakati ofisa Mukongomani hakukuwako

Ili kufahamu mambo yaliyofuata, tukumbuke jambo moja ambalo mara nyingi linasahauliwa. Kabla ya Julai 1960, katika jeshi hili lenye wanajeshi zaidi ya 20,000, maofisa wote waliotoa amri walikuwa wazungu, karibu 1,000. Cheo cha juu ambacho Mukongomani aliweza kufikia kilikuwa adjudant. Kwa hiyo "bibi ya ofisa" alikuwa mwanamuke muzungu, mwenye nyumba yake mbali na kambi ya wanajeshi weusi. Mwanamuke Mukongomani katika kambi alikuwa bibi ya askari, basi.

Siku chache kisha uhuru, wanajeshi waliasi. Jenerali Janssens alikuwa amewaandikia kwenye ubao kwamba kisha uhuru mambo yatabaki sawa na kabla ya uhuru. Askari hawakukubali. Serkali ya Lumumba ikafukuza uongozi wa wazungu. Tarehe 8 Julai 1960, Victor Lundula akawa mukubwa wa jeshi, na Mobutu, aliyekuwa serjan zamani, akawa kolonele na mukubwa wa etat-major.

Katika siku moja, bibi ya mwandishi wa gazeti akawa bibi ya kolonele. Na hakuwa peke yake. Wanawake wengi waliolala bibi za serjan waliamuka bibi za kapiteni na za mejeri. Hakukuwa hata mumoja wao aliyepata mama ao dada mukubwa wa kumufundisha namna ya kuishi na cheo hicho. Walijifunza wakiwa ndani yake.

Tarehe 14 Septemba 1960, Mobutu alitangaza kwamba anawaweka pembeni raisi Kasa-Vubu na waziri wa kwanza Lumumba. Tarehe 24 Novemba 1965, akiwa sasa lutenani-jenerali, alichukua utawala wote. Miaka kumi kisha ndoa yake na karani wa Luluabourg, Marie-Antoinette akawa bibi ya raisi.

Upande wa Katanga, bibi wengine

Hapa kwetu, historia ya bibi za wanajeshi ilikuwa tofauti. Katanga ilikuwa imejitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na ilikuwa na jeshi lake, gendarmerie katangaise. Mwisho wa Desemba 1962, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waliingia Élisabethville, na kisha wakafika hapa Kipushi. Mwezi wa kwanza 1963, Tshombe alikubali kwamba kujitenga kumekwisha.

Maelfu ya gendarmes walivuka kwenda Angola. Wengine waliacha bibi na watoto, wengine waliondoka nao. Wanawake hao nao walikuwa bibi za wanajeshi, lakini wanajeshi walioshindwa. Cheo cha bwana kilichowalinda jana kikawa sababu ya kuwindwa. Ni kutoka huko Angola ndipo waasi wa FNLC walitoka tarehe 8 Machi 1977 kushambulia jimbo letu, wakati ule likiitwa Shaba, na wakarudi tena Kolwezi mwezi wa tano 1978.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi historia ya inchi inaandikwa na upande mumoja wa meza. Wakati Mama Antoinette alikuwa anapokea wageni wa serkali, kulikuwa wanawake wengine wa rika lake, nao bibi za maofisa, waliokuwa wanapika chini ya turubai inje ya inchi. Kitu kilichowatenganisha kilikuwa upande ambao bwana zao waliangukia.

Mama wa inchi

Utawala wa Mobutu ulipenda sana neno "Mama". Hospitali kubwa ya Kinshasa ilipewa jina la mama ya raisi, Mama Yemo. Katika komine ya Mont-Ngafula, hadi leo kuna kartie inayoitwa Cité Mama Mobutu. Mwaka wa 1972, wakati wa siasa ya "authenticité", majina ya kikristu yalikatazwa. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na Marie-Antoinette akawa Gbiatibwa Gogbe Yetene. Wanaume wakavaa abacost, wanawake wakakatazwa kuvaa suruali na perike, wakarudishwa kwenye maputa.

Ni vizuri kusema pia kwamba miaka ile ilifungulia wanawake milango fulani. Mwezi wa kumi 1966, Sophie Kanza alikuwa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu. Katiba ya mwaka wa 1967 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura. Lakini tofauti kati ya Sophie Kanza na Mama Antoinette ni kubwa. Mumoja alikuwa na diplome ya Lovanium na alitia sahihi kwa jina lake. Mwingine alikuwa na mulango wa chumba cha raisi, na hakuwa na karatasi yoyote ya kutia sahihi.

Inchi yetu, toka wakati ule, imezoea zaidi kumuheshimia huyo wa pili. Hata leo, mwanamuke anayetafuta kazi kwa mutoto wake anaweza kusahau jina la waziri, lakini atajua bibi ya jenerali anakaa wapi.

Je, kweli alimuzuia Mobutu?

Sasa turudilie maneno ya wazee. Wanasema kwamba Mama Antoinette hakumuogopa bwana wake. Alimujua tangu wakati hakuwa na kitu, na kwa hiyo aliweza kumuambia ukweli ambao mawaziri hawakusubutu. Wanasema kwamba kisha kifo chake, watu wa kumusifu peke yao ndio walibaki karibu na raisi.

Kuna sehemu ya mawazo hayo inayoeleweka. Mutu aliyekuoa ukiwa na shati moja hakusikilizi sawa na mutu aliyekukuta kwenye kiti. Na ni kweli kwamba kisha 1977, mambo ya Gbadolite yalizidi kipimo: majumba ya marumaru na uwanja wa ndege wenye kupokea ndege kubwa sana, katikati ya pori, wakati walimu hawalipwi.

Lakini tarehe zinatuomba tuwe waangalifu.

Tarehe 2 Juni 1966, wanaume wane walinyongwa mbele ya watu katika Kinshasa: Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Kimba alikuwa mutu wa Katanga na alikuwa amepata kuwa waziri wa kwanza. Mama Antoinette alikuwa hai. Mwezi wa kumi 1968, Pierre Mulele, aliyekuwa amerudi Kinshasa kwa ahadi ya musamaha, aliuawa. Mama Antoinette alikuwa hai. Tarehe 4 Juni 1969, wanajeshi walipiga risasi wanafunzi wa Lovanium. Mama Antoinette alikuwa hai. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisation, na maduka na mashamba ya wageni yakagawanywa kwa watu wakubwa ambao wengi hawakujua kuyaongoza. Mama Antoinette alikuwa hai.

Kama alimuzuia bwana wake, basi hakumuzuia katika mambo hayo. Na labda tusimudai. Mwanamuke aliyeolewa akiwa na miaka 14, ambaye kila kitu alicho nacho kinatoka kwa bwana wake, tunamuomba azuie serkali nzima kwa nguvu gani?

Sasa kwa nini watu wanakumbuka miaka yake kama miaka mizuri? Jibu moja liko hapa Kipushi, chini ya udongo. Mwaka wa 1967, wakati feza ya zaïre ilipoanza, zaïre moja ilikuwa na bei ya dolare mbili za Marekani. Union Minière ilikuwa imechukuliwa na serkali, na kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines ilikuwa inauza shaba kwa bei nzuri. Mushahara ulifika, posho ilifika, watoto walisoma. Kisha, katika 1974 na 1975, bei ya shaba ikaanguka kwenye soko la dunia. Njia ya reli ya kupitisha bidhaa Angola ikafungwa kwa sababu ya vita. Madeni yakaongezeka. Vita vya Shaba vikafuata.

Mama Antoinette alikufa katikati ya anguko hilo. Watu waliona mambo mawili kwa wakati mumoja, kifo cha mama na kifo cha mushahara, wakayaunganisha. Ni jambo la kawaida kwa binadamu. Bei ya shaba haina uso, lakini mama ana uso. Ni rahisi kulilia mama.

Kaburi la Gbadolite

Marie-Antoinette alizikwa Gbadolite, katika kanisa dogo ambalo bwana wake alijenga. Tarehe 1 Mei 1980, siku moja kabla ya Papa Yohane Paulo wa Pili kufika Kinshasa, Mobutu alimuoa Bobi Ladawa mbele ya kanisa. Bobi Ladawa hakuwa mugeni katika maisha yake: mutoto wao Nzanga alizaliwa mwaka wa 1970, wakati Mama Antoinette alikuwa bado bibi katika nyumba.

Kila mwanamuke wa kambi anafahamu jambo hilo bila kuelezwa. Katika luga yetu ya kila siku tunaliita "deuxième bureau". Ofisa anahamishwa leo Kamina, kesho Kalemie, kesho kutwa Beni, na kila mahali anaweza kufungua nyumba. Bibi wa kwanza anasikia habari hiyo mara nyingi siku ya kilio, wakati wanawake wengine wanafika na watoto wenye sura ya marehemu.

Watoto wa Mama Antoinette nao hawakupata amani ndefu. Mutoto wake Niwa alikufa mwaka wa 1994. Kongulu, aliyekuwa kapiteni katika Division spéciale présidentielle na ambaye watu wa Kinshasa walimuogopa kwa jina la "Saddam Hussein", alikufa mwaka wa 1998. Manda, mutu wa siasa, alikufa mwaka wa 2004. Mobutu mwenyewe alikuwa amekimbia Kinshasa tarehe 16 Mei 1997, wiki tano kisha Lubumbashi kuingia katika mikono ya AFDL ya Laurent-Désiré Kabila. Alikufa Rabat, Maroko, tarehe 7 Septemba 1997. Alizikwa huko, mbali na bibi aliyeanza naye maisha.

Hata kaburi la Gbadolite halikuheshimiwa wakati wa vita. Mwanamuke aliyeitwa mama wa inchi nzima hakukuwa na mutu wa kulinda mulango wa mahali alipolala. Cheo kilichomulinda kilikuwa cha bwana, na bwana alikuwa amekimbia.

Kipushi: nyumba ya bwana, posho ya bwana

Wasomaji wetu wa Kipushi watasema: sisi ni watu wa mine, mambo ya jeshi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kabisa, kwa sababu kambi ya jeshi na kambi ya wafanyakazi zilijengwa kwa wazo moja.

Mugodi wa Kipushi ulianza kufanya kazi katika miaka ya 1920, na Wabelji waliuita Prince Léopold. Toka mwisho wa miaka hiyo, Union Minière iliona kwamba mufanyakazi asiye na bibi hakai. Ikaanza kusaidia wafanyakazi kuleta bibi zao, ikawapa nyumba, ikapima posho kulingana na bibi na watoto, ikajenga maternite na masomo. Force Publique ilifanya vilevile na askari wake. Mwanamuke alihesabiwa, alilishwa, alitunzwa, lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya bwana. Siku bwana anapoondoka kazini, nyumba inaombwa.

Mwaka wa 1993, mugodi wa Kipushi ulifungwa. Miaka kumi baadaye, katika 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mupango ulioitwa "départs volontaires", na malipo yao hayakufikia yale waliyoamini kwamba ni haki yao. Ni siku hizo ambapo watu waligundua ni nani hasa anayesimamisha nyumba. Wamama walivuka mupaka kutafuta unga wa Zambia, wakauza samaki, makala, mafuta, mikate. Bwana aliyekuwa "agent Gécamines" alikaa mbele ya nyumba akingoja. Bibi alirudi jioni na chakula.

Mwezi wa sita 2024, mugodi ulianza tena kutoa zinki, chini ya kampuni KICO, ambamo Gécamines iko pamoja na Ivanhoe Mines ya Canada. Kazi imerudi kidogo, na pamoja nayo hatari ya kusahau somo la miaka 30. Wazazi wanaanza tena kumuambia binti kwamba bahati yake ni kuolewa na mutu wa mine ao ofisa.

Vita na karatasi

Somo hilo ni la moto zaidi kwa bibi za wanajeshi. Goma iliingia katika mikono ya M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Kambi Katindo na Kambi Saïo, ambazo wengi wetu tulizijua kama makao ya jeshi na familia zake, zikabadilisha wenyeji. Huku kwetu, vijana wanafundishwa Kimbembe, karibu na Lubumbashi, na bibi katika Kambi Vangu wanangoja simu kutoka mbele ya vita. Mwezi wa tatu 2025, raisi Félix Tshisekedi aliagiza mushahara wa wanajeshi na wa polisi uongezwe mara mbili. Ni jambo jema. Lakini mushahara unaingia katika konti ya mwanajeshi. Akikufa, ao akipotea, maswali ya bibi yanaanza.

Hapo ndipo tofauti inaonekana kati ya heshima na haki. Heshima ya "Mama Komanda" inakwisha siku ya mazishi, mara nyingi kabla ya matanga kumalizika. Haki iko mahali pengine, na inafaa ijulikane.

Kwanza, ndoa. Mahari iliyotolewa mbele ya familia ni ndoa ya desturi, lakini inafaa iandikishwe kwa ofisa wa état civil. Mwanamuke asiye na karatasi ya ndoa anafika kwenye ofisi ya jeshi kama mutu wa inje, hata kama aliishi na marehemu miaka 20.

Pili, watoto. Sheria inaomba mutoto aandikishwe katika siku 90 kisha kuzaliwa. Mutoto wa mwanajeshi aliyezaliwa katika kambi moja, akakulia katika nyingine, mara nyingi hana karatasi yoyote. Siku baba anapokufa, mutoto huyo anapaswa kuthibitisha kwamba yeye ni yatima wa nani.

Tatu, haki za jeshi lenyewe. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya mwanajeshi wa FARDC inatambua haki za mujane na za mayatima wake. Sheria hiyo haiangalie kama marehemu alikuwa jenerali ao askari wa kawaida. Inaangalia karatasi.

Ine, urithi. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, pamoja na watoto waliozaliwa inje ya ndoa kama baba aliwatambua. Robo inayobaki inaendea kundi la pili, ambamo muna mujane, wazazi na ndugu za marehemu. Sheria inamupa mujane pia haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokuwa wanaishi, kama ilikuwa nyumba yao na si ya serkali. Familia ya bwana inayokuja na gari kubeba friji na vitanda siku ya tatu ya kilio inavunja sheria, hata kama inasema ni desturi.

Tano, kazi. Zamani sheria hiyo ya 1987 iliomba mwanamuke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Mabadiliko ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Bibi ya ofisa anaweza leo kufungua konti ya banki, kununua kiwanja, kutia sahihi kwenye mukataba, kwa jina lake mwenyewe. Ni haki ambayo Mama Antoinette, pamoja na mali yote iliyomuzunguka, hakuipata.

Jina la mwanamuke mwenyewe

Tukirudi kwenye swali la mwanzo: je, Marie-Antoinette Mobutu alikuwa na nguvu? Ndiyo, kama vile bibi ya komanda wa Kipushi ana nguvu. Aliweza kusikilizwa usiku, wakati mulango umefungwa. Hiyo si kitu kidogo. Pengine iliokoa watu ambao hatutajua majina yao. Lakini ilikuwa nguvu ya kuazima, na mwenye kuazima anaweza kuombwa arudishe wakati wowote.

Wazee wanaomulilia hawakosei kumupenda. Alianza na karani, akafika kwenye ikulu, akafa kijana, akaacha watoto wengi. Wanakosea tu wanapomutwika muzigo ambao ulikuwa wa bwana wake. Walionyongwa mwaka wa 1966 walinyongwa na serkali. Mine ya Kipushi ilifungwa kwa sababu ya uongozi mubaya na ukosefu wa feza. Hakuna bibi, awe hai ao mufu, anayepaswa kujibu juu ya mambo hayo.

Kwa mwanamuke anayeitwa leo "Mama Komanda" katika Kipushi, katika Kambi Vangu ao katika nyumba ya kupanga huko Uvira, historia hii ina maana rahisi. Jina hilo ni zuri, lishikwe kwa heshima, litumiwe kusaidia aliyefungwa bure na askari aliyenyimwa haki yake. Lakini ndani ya kabati, chini ya maputa ya sikukuu, muwe bahasha yenye karatasi ya ndoa, karatasi za kuzaliwa za watoto, namba ya matricule ya bwana, na kitabu cha konti yenye jina lake yeye.

Siku gari la jeshi litakapofika kuomba nyumba, bahasha hiyo ndiyo atakayotoka nayo.